Gauni la Barke na Kipande Nilichobakiza

Swafiya,

Assalaam alaikum. Inachekesha kumtolea salamu mtu ambaye nguo zake bado zimeanikwa uani, lakini barua ni barua na nimeshaianza. Umetoka na shangazi yako kwenda kuaga watu, nami najua kuaga kwa watu wetu: kila nyumba sharbati, kila nyumba machozi. Hutarudi kabla ya magharibi. Nimeketi kwenye kiti cha cherehani, na cherehani yenyewe nimeifunika. Ukirudi nitakupa karatasi hizi uende nazo darini, uzisome peke yako.

Mambo ya sanduku, ya kula, ya kufua, ya kutembea na nani na kutotembea na nani, hayo sitayaandika. Babako ameanza kukueleza tangu Jumatatu na hajafika nusu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni gauni la Barke. Tangu ulipokuwa na miaka kumi na mitatu hadi leo una kumi na tisa, wanawake wa mtaa huu wanajua kwamba wewe ndiye uliyetoa picha ya gauni la harusi la Barke kabla ya usiku wake. Si wewe. Ni mimi, na mimi ndiye niliyekusingizia. Sitaki uvuke kwenda Mokowe ukapande basi la Mombasa na jambo hilo likiwa bado juu yako. Kwa hivyo nitaliandika lote, na mahali nitakapojipendelea utapaona mwenyewe, maana unanijua.

Naandika Kiswahili cha shule. Kiamu changu nikikiona kwenye karatasi hunichekesha, na hili si la kuchekesha.

Nitaanza na yule mwanasesere wa kwanza, kwa kuwa bila yeye lisingetokea lolote. Mama Njeri, mtu wa bara, alikuwa na duka dogo Shela la vikapu na zawadi za wageni. Siku moja aliniita akafungua gazeti, ndani mna mtoto wa bandia, wale wembamba wenye shingo ndefu wanaosimama kwa ncha za vidole. "Fundi," akaniambia, "mvalishe kama mtu wa hapa. Buibui, leso, gauni la harusi, chochote. Wageni watapenda." Lile gazeti akabaki nalo. Nikamtia mwanasesere ndani ya buibui langu nikapita mbele ya msikiti nikinyata kama mwizi, kwa sababu hakuwa na hata uzi mwilini na mguu wake mmoja ulikuwa ukichomoza kila nikipiga hatua.

Nilikuwa na miaka kumi na tano katika ufundi. Nilikuwa nimevalisha mabibi harusi hata hesabu imenipotea. Nikasema, kitu cha shubiri na kidogo kitanishinda nini? Kikanishinda wiki nzima. Gauni la kwanza halikupita kichwani, maana kichwa cha viumbe hawa ni kikubwa kuliko kiuno chao. Nikapasua mgongo. Mkono nao ukakwama, vile vidole vya plastiki vikanasa uzi wa ndani, nikavuta kwa hasira, nikararua. Na ndani ya mishono nilikuwa nimeacha nafasi ileile ninayomwachia mtu mzima, ili akinenepa gauni lipanuliwe. Mwanasesere hanenepi. Kitambaa kile chote kikamjaa mbavuni, akaonekana amevaa godoro.

Wewe ulikuwa na miaka kumi, umekaa chini kwenye jamvi, ukacheka mpaka ukalala chali. Nikakwambia, "Haya, njoo basi wewe bingwa." Nilikuwa nakukemea. Ukadhani nakuita, ukaja.

Ukachukua ganda la peremende ukamvisha kiganjani, mkono ukapita bila kukwaruza. Ukamzungushia karatasi laini mwilini, ukaibana kwa utepe wa kunata, ukachora juu yake kwa kalamu: bega hapa, ubavu hapa, kiuno hapa. Ukakata ile mistari, ukaibandua, ukaniwekea pateni mezani. Mimi sikati kwa pateni, hukata kwa macho na tepu, na watu husifu macho yangu. Nikanyamaza nikaitumia. Nilipokata leso, ua moja likamfunika kifua na nusu ya uso, kama amebeba sinia. Ukaenda kabatini kwa babako ukaja na vitambaa vyake vya mfukoni, vile vya mirabaraba midogo. Mpaka leo anadhani vilipeperushwa na upepo kwenye kamba. Na buibui lilipokataa kuanguka, likasimama kando kama mwavuli, wewe ndiye uliyesema tutie shanga ndani ya pindo. Shanga sita ndogo. Likashuka kwa heshima zake.

Tulipompelekea Mama Njeri akapiga makofi. "Fundi, we una akili!" Wewe ulikuwa umesimama ubavuni mwangu umeshika kikapu. Nikasema, "Alhamdulillahi." Sikusema zaidi. Nikajiambia sifa huharibu watoto, na kwa maneno hayo nikakaa raha mustarehe kwa miaka mitatu, kila mwanasesere anayetoka kwetu akiwa na akili yako na jina langu. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililonizoeza. Lile la pili lisingenitoka mdomoni kwa wepesi ule kama hili la kwanza lisingepita salama.

Sasa nije kwa Barke.

Wewe umezaliwa humu na unajua, lakini nitaandika kama ninavyomwandikia asiyejua, ili nisiruke kitu. Usiku wa kupamba, bibi harusi hukalishwa juu, wanawake wa mji wakajaa, na gauni lile ndipo huonekana mara ya kwanza. Kabla ya hapo linaonwa na mama mtu na fundi, basi. Bi Zena, mamake Barke, alipoamua kuniletea kitambaa cha mwanawe alikuja mwenyewe, amekikunja ndani ya kikapu na juu yake ameweka mchicha, ili atakayemwona njiani adhani anatoka sokoni. Kilikuwa na rangi ya ganda la komamanga. Alinishika mkono akasema, "Maimuna, hii ni amana." Nikamwambia, "Ondoa shaka."

Marehemu aliyenifundisha kazi alikuwa na sharti moja kuhusu gauni la bibi harusi: mabaki yote yanarudi. Kila kipande, mpaka uzi uliotolewa, unafungwa kwenye kitambaa safi na kukabidhiwa mama mtu mkononi, ili pasiwe na mwingine atakayevaa kipande cha usiku ule. Nilifuata sharti hilo miaka yote, hata kwa watu nisiowapenda. Kwa Barke nikabakiza kipande cha shubiri mbili.

Nitakwambia kwa nini, na wewe peke yako mjini humu utanielewa. Kitambaa kile kilikuwa na maua madogo mno, kila ua kama chembe ya mtama, na limefumwa, halikupigwa chapa. Miaka mitatu nilikuwa nikitafuta ua la kumwenea mwanasesere. Nimepekua maduka ya Langoni, nimeagiza Malindi, nimekata shingo za mashati ya watu. Nikaliona hatimaye, na lilikuwa la mtu.

Nikashona gauni la Barke la shubiri moja. Mikunjo ileile ya kiunoni, mkono uleule, na vifungo vya mgongoni nilivitengeneza kwa vichwa vya pini. Ni kazi nzuri kuliko zote zilizotoka mkononi mwangu, na nasema hivyo bila haya. Nilishona mchana ukiwa madrasa, nikificha ukirudi. Nilikuficha wewe kwa sababu nilitaka niwe na kimoja ambacho ni changu mwenyewe, kisicho na shauri lako ndani yake. Naona uzito kuliandika hilo kuliko hata lile la kipande.

Nikapiga picha nikamtumia Mama Njeri. Nilitaka anisifu. Sikumwambia asiionyeshe, naye angejuaje? Kwao gauni la harusi hutundikwa dukani nyuma ya kioo, kila apitaye akalitazama. Akaiweka kwenye ukurasa wa duka lake, akaandika "Bibi harusi wa Lamu", na kabla ya isha simu za wasichana wa mji mzima zilikuwa nayo. Zilibaki siku nne kufika usiku wa Barke. Hakuna aliyejua ni gauni la nani. Mimi nilijua, na nikakaa nikiomba liwapite machoni.

Hukuwepo usiku ule, ulikuwa na homa, kwa hivyo haya uliyasikia kwa watu. Mimi nilikuwepo, nimekaa safu ya pili kama inavyomstahiki fundi. Walipomfunua Barke, vigelegele vilianza upande mmoja vikafa. Pakawa na kunong'ona. Kisha msichana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Si lile la mtoto wa bandia?" Wakaangua kicheko, hata watu wazima. Barke alikuwa na miaka ishirini. Alivumilia kidogo, halafu wanja ukaanza kumshuka, na aliyempamba akawa anafuta huku, kule kunachuruzika. Nilikula biriani yangu. Nilijilazimisha nimalize ili mtu asiniulize mbona sili.

Kesho yake asubuhi Bi Zena alikuja hapa. Hakukaa. "Picha ile imetoka wapi?" akaniuliza. "Kitambaa kile mato yaliyokiona ni yangu na yako." Na wewe ukaingia na sinia ya kahawa, umefunga kichwa kwa ajili ya ile homa. Nikasema, "Ni mtoto, Bi Zena. Alichezea mabaki, akashika na simu. Watoto wa siku hizi, si wawajua?"

Ulisimama. Vikombe havikugongana hata kimoja, nakumbuka, maana nilikuwa nikivitazama hivyo ili nisikutazame wewe. Ukaweka sinia chini polepole ukatoka.

Sikukuita. Niliogopa, na hofu yangu ilikuwa ya kawaida tu: fundi wa mabibi harusi akila amana, nani atamletea tena? Nikajiambia mtoto husahauliwa kosa lake, mtu mzima hasahauliwi. Na kweli mimi sikupungukiwa. Gauni liliendelea kufuata gauni. Wewe ndiye uliyepungukiwa na Rahma. Mdogo wake Barke, uliyekuwa ukigawana naye hata kifutio, akaacha kuja. Sinia ya Idi uliyowapelekea ilirudishwa, na kawa juu yake halijafunuliwa. Kwenye harusi za watu wasichana walikuwa wakificha simu ukiingia, eti wanafanya mzaha. Ukaacha kuketi nami kwenye jamvi kwa mwaka mzima. Watu wakiuliza nasema, "Anakua."

Kisha ukarudi mwenyewe, bila maelezo, ukachukua mkasi. Tangu hapo hukushona tena kwa ajili ya duka lolote. Ulishona vyako ukavipanga kwenye sanduku la viatu. Chuo cha Mombasa unakokwenda kusoma kilipotaka kuona kazi zako ukawapelekea sanduku hilo, na wewe mwenyewe uliniambia jinsi wale wakubwa walivyotoa nguo za wanasesere wakacheka, halafu mmoja akageuza gauni ndani nje akaacha kucheka, akawaita wenzake. Siku uliponisimulia hayo nilifurahi, na nilipofika jikoni furaha ikaniishia. Sanduku zima halikuwa na gauni hata moja la bibi harusi.

Labda unangoja niseme kwamba miaka hiyo sita nilikuwa naungua ndani. Sikuungua. Nililala, nilisali, nilicheka na babako, nilinenepa. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kuhusu uongo, kwa kuwa sijamsikia mtu akilisema: unaweza kukaa nao vizuri tu, ukawa na siku njema. Mimi nilikuwa nangoja uniume ili nijue wakati wa kuutengeneza umefika. Haukuniuma. Kilichoniinua ni sanduku lako la safari kuwekwa mlangoni, nikaona kwamba nikingoja zaidi utakuwa umeshakwenda, na mimi nitaendelea kuwa mzima wa afya.

Kwa hivyo leo baada ya adhuhuri nimevaa buibui nikaenda kwa Bi Zena.

Nilimkuta ukumbini anachambua mchele. "Ndoo, keti," akanikaribisha. "Msafiri yuko wapi?"

"Aaga watu."

"Hapa hakupita."

"Hatapita, nawe wajua kwa nini," nikamwambia. "Ndilo lililonileta."

Nikasema yote kwa mfululizo, kipande, gauni, picha, na lile neno nililolitoa mbele yako. Nilikuwa na sauti kavu kama ninasoma vipimo vya mteja. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Basi mtoto alinambia urongo," akasema.

"Mtoto yupi?"

"Wako."

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikaanza kurudia kwamba mtoto hakusema kitu, ni mimi niliyesema. Akanikatiza. "Maimuna, wewe sikukusadiki siku ile. Nalitoka kwako nimeazimu kuwaambia wanawake wote wasikupe kitambaa tena. Alasiri yake akaja Swafiya. Peke yake, na homa yake. Akasimama mlangoni pale, hata viatu hakuvua, akanambia, 'Ni mimi, Bi Zena. Mama hakujua. Tafadhali kazi yake isiondoshwe.' Yeye ndiye niliyemsadiki."

Nilitia mkono kwenye ungo wake nikawa nachambua mchele wa watu, sijui kwa nini. Miaka sita nimedhani nilikusukumia kosa langu ukalinyamazia. Kumbe hukulinyamazia. Ulilichukua ukaenda nalo mpaka mlangoni kwao, na umri wako miaka kumi na mitatu, na ukajua kabisa kwamba ndani ya nyumba ile yumo Rahma anakusikia. Kila gauni nililoshona tangu siku hiyo nimelishona kwa sababu wewe uliniombea. Niliona haya, mwanangu. Nimelia mbele ya Bi Zena, na unajua mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Halafu nikaona haya kwa kulia pia, maana aliyestahili kulia hakuwepo.

Bi Zena aliniacha mpaka nikamaliza. Neno lake kali lilikuwa moja tu. "Kipande kile ungeniomba ningekupa. Baada ya usiku wa mwanangu, ningekupa chote." Kisha akaita, "Rahma! Ndoo usikize."

Rahma akatoka jikoni na unga mikononi. Mamake akasema, "Mwambie." Nikasema tena kuanzia mwanzo. Mara ya pili haikuwa kavu. Amerefuka mno, sijui kama umemtazama siku hizi, na hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa akiutazama ule mlango. Bi Zena akasema atampigia Barke simu leo hii, huko Kiunga kwa mumewe, na kwamba wanawake waliocheka usiku ule atawaambia yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Nikamwambia nitafuatana naye. Akasema, "Utafuatana nami, naam. Nawe ndiye utakayesema." Tutaanza Jumamosi. Kazi ikikatika, itakatika.

Nilipokuwa navaa viatu Rahma akaniuliza, "Boti lake laondoka saa ngapi?"

Nikamwambia kesho, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kesho watakuwa gatini, yeye na mamake. Sijui watakwambia nini. Lakini nakujua wewe. Mtu akianza kukuomba radhi humwachi afike mwisho, unamuonea huruma, unamwahi njiani, "Si kitu, si kitu," na yeye anakwenda zake mwepesi, wewe unabaki na yote. Kesho usifanye hivyo. Mwache Rahma aseme mpaka amalize, hata boti likipiga honi. Na wakishamaliza wao nitakuja mimi, mbele yao na mbele ya babako, ambaye mpaka sasa hajui kitu. Sitakuwa na karatasi mkononi, kwa hivyo huenda nikasema vibaya. Nisikilize tu, Swafiya. Usinambie si kitu.

Mamako